Kocha Aliyeanza na Koleo

Katika viwanja vyetu vya visiwani jina la Kenichi Zenimura halijulikani, wala si ajabu. Mchezo aliousomesha si mpira wa miguu, huu tuupendao hata tukakosana na majirani, bali ni besiboli, ambao Wamarekani huuita mchezo wa taifa lao, na ambao Wajapani nao waliuchukua ukawa wao. Katika miaka ya 2010 umeanza kufundishwa katika baadhi ya skuli za Tanzania kwa msaada wa Wajapani hao hao. Wazee walioshuhudia kriketi ikichezwa Mnazi Mmoja zama za Mwingereza wataufahamu upesi: yupo mwenye kutupa mpira, yupo mwenye kuupiga kwa gongo, na wengine wametawanyika kiwanjani wakiungoja. Aliyeupiga hukimbia akapita vituo vitatu hata arejee pale alipoanzia, mahali panapoitwa nyumbani, na hapo timu yake huandikiwa pointi moja. Mengine ya mchezo huu ni marefu, na hayatuhusu leo.

Linalotuhusu ni mtu mwenyewe. Katika vikao vya michezo nilivyohudhuria, na ni vingi, neno la kwanza huwa fungu na neno la mwisho huwa fungu. Viwanja havina fungu, mipira haina fungu, makocha hawana posho. Sisemi kwamba hoja hizo ni za uongo. Nimezisema mwenyewe, tena kwa sauti kubwa. Lakini kila nisomapo habari za Zenimura hujiona nimeshikwa ukosi, na ndiyo maana nimeona niwashirikishe wasomaji, na khasa wale wenzangu wenye dhamana wilayani na katika shehia.

Alizaliwa Hiroshima, nchini Japani, tarehe 25 Januari 1900. Alipokuwa na umri wa miaka 7 wazazi wake walihamia Honolulu, katika visiwa vya Hawaii, na huko ndiko alikokulia. Kwa hiyo, ndugu msomaji, huyu ni mwana wa visiwani kama sisi. Hawaii ilikuwa na malkia wake hadi mwaka 1893, alipopinduliwa kwa njama za matajiri wa kigeni, na mwaka 1898 Marekani ikavitia visiwa hivyo mkononi mwake. Uchumi wote ulisimama juu ya muwa, na muwa ulihitaji watu wa kuukata. Ndipo Wajapani walipoletwa kwa maelfu kuanzia mwaka 1885, wakalala katika mabanda ya mashamba na kuamshwa kwa king'ora. Msomaji wa Unguja au Pemba, ambaye babu yake aliwahi kupanda mkarafuu wa mtu mwingine, hana haja ya kuelezwa zaidi ya hapo. Katika mashamba hayo na katika mitaa ya Honolulu, besiboli ndiyo iliyokuwa furaha ya jioni, na kijana Zenimura aliichezea skuli yake hata akawa nahodha.

Umbo lake lilikuwa dogo mno. Urefu wake ulikuwa futi 5 tu, na uzito wake haukufika kilo 50. Mtu wa kimo hicho, kwa mujibu wa vitabu vya wataalamu, hafai kwa mchezo wa kupiga mpira mbali. Yeye hakuvisoma vitabu hivyo. Mwaka 1920 alivuka bahari akaenda Fresno, katika jimbo la California, mji uliozungukwa na mashamba ya zabibu na wenye Wajapani wengi wakulima. Huko alicheza karibu kila nafasi ya kiwanjani, akawa nahodha, akawa kocha, akawa mwandikaji wa barua za kuomba mechi, akawa mpangaji wa safari. Yote hayo yalikuwa ya ridhaa. Riziki yake aliipata kwa kazi nyingine kama baba yeyote mwenye watoto, na muda uliobaki ukawa wa timu.

Tukumbuke hali ilivyokuwa. Sheria za California za mwaka 1913 na 1920 zilimkataza Mjapani mhamiaji kumiliki ardhi ya kilimo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1924 iliwafungia Wajapani mlango wa kuhamia nchini humo. Mhamiaji kama Zenimura hakuruhusiwa hata kuomba uraia. Ruhusa hiyo haikupatikana mpaka mwaka 1952. Timu kubwa za kulipwa zilikuwa za weupe peke yao. Basi Wajapani wa Fresno wakaunda klabu yao, wakajenga kiwanja chao, na Zenimura akiwa ndiye roho ya jambo hilo. Mwaka 1924, na tena mwaka 1927, aliiongoza timu hiyo kwa meli hadi Japani kucheza na vyuo vikuu vya huko.

Ipo picha moja ya tarehe 29 Oktoba 1927 iliyopigwa Fresno. Katikati wamesimama Babe Ruth na Lou Gehrig, mabingwa wawili ambao majina yao yalijulikana na kila mtoto wa Marekani, waliokuwa wakizunguka miji midogo baada ya msimu kwisha na kucheza mechi za maonyesho. Kandoni mwao wapo Wajapani wanne wa Fresno waliopewa nafasi upande wa Gehrig siku ile, na mmoja wao ni Zenimura. Kichwa chake hakifiki bega la Ruth. Upande wa Gehrig ulishinda 13 kwa 3. Mtu mwingine angeitundika picha ile ukutani akaishi kwa sifa zake maisha yaliyobaki.

Tarehe 7 Desemba 1941 ndege za Japani zilishambulia bandari ya Pearl Harbor, Hawaii. Tarehe 19 Februari 1942 Rais Roosevelt alitia saini amri iliyowezesha jeshi kuwaondoa watu katika pwani ya magharibi, na kwa amri hiyo watu wapatao 120,000 wa asili ya Kijapani walihamishwa kwa nguvu kutoka makwao. Thuluthi mbili yao walikuwa raia wa Marekani kwa kuzaliwa. Hapakuwa na mashtaka wala hakimu. Kila mtu alichukua alichoweza kukibeba. Duka, shamba, gari na paka wa nyumbani viliachwa, au viliuzwa kwa bei ya kutupa kwa jirani aliyekuwa akisubiri mlangoni. Zenimura alikuwa na umri wa miaka 42. Familia yake ilipelekwa kwanza katika uwanja wa maonyesho wa Fresno, ule ule mji aliouletea sifa. Hapo hapo, katika miezi michache ya kungoja, akatengeneza kiwanja cha besiboli. Kisha wakapakiwa katika treni hadi Gila River, Arizona.

Gila River ni jangwa, yapata maili 30 kusini mashariki ya Phoenix. Joto la kiangazi hupita nyuzi 40, na upepo ukivuma vumbi huingia katika mabanda kupitia nyufa za mbao hata watu wakalala na vitambaa usoni. Ardhi yenyewe ilikuwa ya wenyeji wa asili, makabila ya Pima na Maricopa, waliotengewa na Serikali hiyo hiyo. Walikataa kambi isijengwe, na ikajengwa. Zilikuwa sehemu mbili, Butte na Canal, na kwa pamoja zilijaza zaidi ya watu 13,000.

Mwanawe Kenso amesimulia kwamba baba yao alipofika alikaa siku kadhaa kimya, uso umemwanguka. Halafu asubuhi moja alichukua koleo, akatoka hadi penye vichaka karibu na ua, jirani na mtaa wa 28 wa kambi, akaanza kung'oa. Hakuitisha mkutano wala hakuandika mpango wa utekelezaji. Wanawe wawili, Kenso na Kenshi, wakamfuata. Wapita njia wakauliza: mnafanya nini hapo? Wakajibiwa. Kesho yake waliouliza walikuja na makoleo yao.

Nilisoma chuoni kwa maalim mmoja wa shamba kabla ya kupelekwa skuli ya Serikali. Maalim huyo alikuwa na ada ya kufika kabla yetu, akafagia ukumbi kwa mkono wake, akatandika majamvi, kisha ndipo akaketi kutungoja. Hajapata kutwambia kwa nini anafanya hivyo wala hakututuma sisi. Lakini sikumbuki mwanafunzi hata mmoja aliyepata kutupa ganda la ndizi katika ukumbi ule. Nilipofika katika habari ya Zenimura na koleo lake, maalim yule ndiye aliyenijia mbele ya macho.

Sasa tazama kazi ilivyofanywa, maana hapa ndipo penye utamu. Vichaka viling'olewa vikachomwa moto. Likapatikana tingatinga la kusawazisha. Maji ya jangwani ni dhahabu, basi wakatoa bomba kutoka chumba cha kufulia cha mtaa wa 28, wakaifurisha ardhi ishike na vumbi litulie, wakaotesha majani. Mbao za majukwaa zilitoka katika rundo la mbao za kambi, usiku. Nguzo za kuzuia mipira nyuma ya mpigaji zilitoka katika ua wa seng'enge wenyewe: walikuwa wakiacha nguzo moja na kung'oa inayofuata, ua ukabaki umesimama na kiwanja kikapata miti. Mistari ilichorwa kwa unga. Sare zilishonwa na wanawake kwa kitambaa cha magodoro. Na mpaka wa mbali wa kiwanja, ambao mpira ukiuvuka huwa umepata pigo kuu, hawakuwa na mabati wala matofali ya kuujenga. Wakapanda mibarika, mti huu huu utupao mafuta ya nyonyo, ambao huota upesi na kujifunga. Ukawa ukuta wa kijani katikati ya mchanga.

Mimi ni mtumishi wa umma na sitarajiwi kusifu wizi wa mbao za Serikali. Itoshe kusema kwamba wakubwa wa kambi waliona na wakageuza nyuso, na kwamba nguzo za ua unaomfungia mtu asiye na kosa si mali ambayo ningependa kuitwa shahidi juu yake.

Kiwanja kilikuwa tayari mapema mwaka 1943. Vilevile ilipangwa ligi ya timu 32 katika madaraja matatu, watoto na watu wazima. Mechi kubwa zilivuta watazamaji maelfu. Kofia ikizungushwa kila mtu alitia senti zake, na fedha hizo zilinunua mipira na magongo kutoka Fresno kwa njia ya posta. Mwaka 1944 Zenimura aliomba na akapewa ruhusa ya kuipeleka timu ya Gila River hadi kambi ya Heart Mountain, Wyoming, safari ya mamia ya maili, wafungwa wakenda kucheza na wafungwa.

Mwaka huo huo wa 1943, mwezi wa Aprili, mke wa Rais Roosevelt alizuru Gila River. Wakubwa walikuja, wakatazama, wakaondoka. Kiwanja walikikuta.

Lipo swali ambalo kijana mwenye fikra atauliza, na ni haki yake. Je, mtu huyu hakuwa akiupamba ufungwa? Serikali iliyowafungia watu bila kosa ilipata nini zaidi ya wafungwa waliotulia, wanaoshangilia mpira badala ya kudai haki? Nimelitafakari swali hilo kwa muda mrefu, kwa sababu nami nimelelewa katika siasa inayosema kwamba dhulma haipambwi. Wapo waliopinga kwa njia nyingine. Wapo waliokataa kuandikishwa jeshini mpaka warejeshewe haki zao, wakapelekwa gerezani kwa hilo. Na wapo waliovaa sare za jeshi la nchi hiyo wakafa Italia na Ufaransa ilhali mama zao wamo nyuma ya seng'enge. Siwezi kumtanguliza mmoja wao juu ya mwingine nikiwa nimeketi kivulini Unguja. Ninaloliona ni hili: kambi ile ilijengwa ili mtu ajione hana kazi, hana mahali, hana anachoweza kukiamua. Mvulana wa miaka 15 aliyeamka asubuhi akijua kwamba saa 10 jioni anangojwa na kocha, kwamba akichelewa ataulizwa, kwamba kuna mstari wa unga ambao hauwezi kuvukwa kwa upendeleo, huyo alikuwa na jambo moja ambalo mlinzi hakumpa wala hakuweza kumnyang'anya. Yule kocha hakuwaambia kwamba wako huru. Aliwapa ratiba.

Kilele cha habari hii ni tarehe 18 Aprili 1945. Skuli ya sekondari ya kambi ya Butte ilikuwa na timu iliyofundishwa na Zenimura. Kocha wa skuli ya Tucson, mabingwa wa jimbo zima la Arizona kwa miaka mitatu mfululizo, alikubali kuleta vijana wake kambini. Vita bado vilikuwa vikiendelea katika Pasifiki, na magazeti yalijaa matusi juu ya Wajapani. Vijana weupe walishuka kwenye basi wakapita penye lango la kambi, wakakikuta kiwanja ambacho kwa maneno ya wengi kilikuwa kizuri kuliko vya miji mingi. Mechi ilikwenda sare hadi ikaongezwa duru ya kumi. Mtoto wa kocha akapiga mpira uliomrejesha mwenzake nyumbani, na Butte ikashinda 11 kwa 10. Mechi ya marudiano iliyokusudiwa kuchezwa Tucson haikufanyika. Kule mjini hawakutaka.

Hapa sina budi kusema la kwetu. Kiwanja nilichochezea utotoni, mbele ya skuli yetu, kilizungushiwa ukuta zaidi ya miaka 20 iliyopita na taasisi moja ambayo sitaitaja. Wananchi waliahidiwa kiwanja kingine. Mimi nilikuwamo katika kamati iliyoipokea ahadi ile, kijana mwenye ari, nami nikasimama nikapiga makofi. Ukuta upo hadi leo. Jengo lililokusudiwa halijainuka. Vijana wa mtaa huo huchezea barabarani, na kila gari ikija hulazimika kuokota mawe ya magoli. Ipo ardhi iliyo wazi upande wa pili, yenye vichaka na mawe. Kwa miaka yote hiyo tumeandika barua kuhusu ardhi hiyo, na nakala zake ninazo katika jalada nene. Sijapata kwenda huko na koleo.

Vita vilipokwisha, mwaka 1945, kambi ilifungwa. Zenimura alirudi Fresno kuanza upya. Mji aliozaliwa ulikuwa umeteketezwa kwa bomu la atomiki tarehe 6 Agosti mwaka huo, na mji alioujengea kiwanja ulikuwa na watu waliokuwa wamechukua nafasi za wenzake. Akaunda timu tena. Aliendelea kucheza hadi umri wa zaidi ya miaka 50, na kufundisha baada ya hapo. Mwaka 1953 wanawe wawili, wale wale waliomfuata na makoleo jangwani, waliitwa kuchezea Hiroshima Carp, timu ya kulipwa iliyoundwa katika mji ule ulioungua na kuchangiwa na wananchi wake waliokuwa wakijenga nyumba upya. Mjukuu wa Hiroshima alirudi Hiroshima akiwa na gongo mkononi. Sijui kama baba yao alilia. Ningekuwa mimi ningelilia.

Alifariki tarehe 13 Novemba 1968 kwa ajali ya gari. Miaka 20 baadaye, tarehe 10 Agosti 1988, Rais wa Marekani alitia saini sheria ya kuomba radhi kwa waliofungwa na kumlipa kila mmoja dola 20,000, ikiwa bado yu hai.

Ardhi ya Gila River ilirudi kwa wenyewe. Mabanda yaliuzwa na kubomolewa, na misingi ya saruji ndiyo iliyobaki ikionekana kati ya vichaka. Anayetaka leo kwenda kuitazama sehemu ile hana budi kuomba ruhusa kwa jamii ya wenyeji, wale wale ambao mwaka 1942 walisema hapana na hawakusikilizwa.